Kichwa Kigeni kwenye Gauni la Wakonyo

Mukurweini,
9 Machi 2025

Njoki, mjukuu na wajina wangu,

Wewe mtoto huna haya. Umekaa huko Nanyuki mpaka mbwa aliyekuwa anakujua amekufa. Huyu wa sasa hakujui, atakuuma, na mimi nitamwacha akuume kidogo ndipo nimwite. Nanyuki si Ulaya. Watu wanatoka huko asubuhi kuja kununua ndizi hapa kwetu na kurudi kabla ng'ombe hajakamuliwa. Wewe una kazi gani isiyokuwa na Jumapili?

Barua anaandika Tabby wa hapo chini, katibu wa kina mama kanisani, kwa sababu mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Anaandika Kiswahili kwa kuwa ndicho anachoandikia ripoti zake. Simu sitaki. Ile simu alininunulia Kingori, na akija kutoka Nyeri, kila nikimaliza kuongea anasimama mlangoni: "Mama, ulikuwa unaongea na nani?" Baba yako mdogo amekuwa kama askari wa lango. Mimi nilimzaa mtoto, sikuzaa askari.

Sasa zawadi yako. Kingori aliileta imefungwa na utepe kama keki. Nikafungua nikakuta vipande vya mbao, na harufu. Njoki, hicho kitu kinanuka! Kinanuka kama jiko la mtu aliyeunguza maharagwe akaenda kulala. Nilitaka kuviosha kwa sabuni, Tabby akapiga kelele ati picha itabanduka. Basi nikaviacha vinuke.

Tukavimwaga kwenye uteo, tukaanza kupanga. Nilijua ni picha gani mara nilipoona viatu vya Kingori. Ile ya siku ulipomaliza chuo, sisi sote mbele ya maua. Nikakujenga wewe na joho lako. Nikajijenga mimi, kilemba na kiti. Halafu nikapata gauni la kijani la mkaza mwanangu, Wakonyo, lile nililomchagulia mwenyewe Karatina, nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia Tabby, "Sasa mlete mwenyewe akae."

Tukatafuta uso wa Wakonyo. Hakuna. Uso uliokuwa umebaki ni wa msichana mwingine, nyusi za kuchorwa, anacheka. Amekaa juu ya shingo ya Wakonyo kama sufuria ya mtu kwenye jiko la jirani. Na mimi nimemshika mkono! Mkono wenyewe ni wa Wakonyo, alama ya moto iko pale pale, ya ile siku alikunyang'anya sufuria ya uji kabla haijakumwagikia. Mkono wa Wakonyo, kichwa cha mtu nisiyemjua, na mimi katikati natabasamu.

Nilitema mate. Tabby alitaka kuandika "nilisikitika". Nimemwambia afute. Nilitema mate.

Labda mashine yako imechanganya vichwa vya wateja. Kama ni hivyo, mrudishie huyo msichana kichwa chake, naye arudishe cha kwetu. Wakonyo mwenyewe bado yuko Timau kwa mashamba ya maua. Kingori anasema huko hawaruhusiwi kushika simu. Krismasi imepita hajaja. Maharagwe niliyomwekea yameingia wadudu.

Hizo mbao nimeziweka kwa kibanda cha kuku. Niandikie upesi.

Shosho wako,
Njoki mkubwa


Nanyuki,
15 Machi 2025

Shosho wangu,

Nisamehe kwa kunyamaza. Kazi ni nyingi, kila mtu siku hizi anataka picha ya kupanga. Harusi, ubatizo, hata mbwa wa watu. Mamta na Arvind, wenye duka, zamani walikuwa wanatengeneza fremu tu. Sasa fremu zimejaa vumbi, mashine ndiyo inatulisha.

Harufu ni ya moshi, Shosho, si uchafu. Tunachapisha picha kwenye karatasi ya gundi, tunaibandika juu ya plaiwudi, halafu leza inakata. Leza si msumeno. Ni mwanga, unachoma mstari mwembamba kama uzi, na mbao inaungua kidogo pembeni. Nilipaswa kuviacha vikae hewani kabla ya kufunga. Nilikuwa na haraka.

Kuhusu ule uso. Mashine haikuchanganya. Mashine haijui watu.

Baba mdogo alikuja dukani mwezi wa Januari na picha yetu ya siku ile, na picha nyingine kwenye simu yake, ya msichana. Akaniambia nimtoe mama Wakonyo nimweke huyo. Anatoka Kagio. Nilikataa kwanza, haki ya Mungu. Akaniambia mama Wakonyo ameolewa na mtu huko Timau, na ndiyo sababu hakuniaga. Akasema ni wewe, Shosho, uliyesema hutaki kuuona uso wake tena nyumbani kwako. "Ni Mama anataka picha safi," ndivyo alivyosema.

Nilikuwa na hasira. Mtu amekulea, halafu anaondoka bila neno. Mamta akaniambia, "Njoki, mteja ameleta picha, wewe kata, usilie juu ya mashine, unaharibu kioo." Nikakata.

Ndiyo sababu sijaja. Niliogopa nikija utaniuliza kama ni mimi nilifanya vizuri hivyo, na ningelazimika kusema ndiyo.

Mtoto wako,
Njoki


Mukurweini,
19 Machi 2025

Njoki,

Tabby amesoma barua yako mara ya kwanza, nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia basi, funga, naenda kukamua. Hata ng'ombe alijua kuna kitu, alikataa kushusha maziwa.

Mimi? Mimi niseme sitaki uso wa Wakonyo? Nilipougua nyonga, nani alinibeba mpaka chooni? Kingori? Kingori alikuwa anasimama nje ananiuliza kupitia dirishani, "Mama, umepata nafuu?" kama mtu anayeuliza bei ya viazi. Wakonyo alinifua nguo ambazo mimi mwenyewe sikutaka kuziangalia, na alikuwa ananiimbia wimbo wa kanisa akifua. Na wewe, mama yako alipokufa ulikuwa unanyonya. Nani alikubeba mgongoni kwenda kuchuma kahawa? Hakuwa na wake, akakufanya wewe wake. Na wewe umemchukua, umemlaza chini ya huo mwanga wako, umemkata shingo. Mwanga unanuka hivyo?

Nakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni wangu: umenichukiza. Nikila naona hilo gauni. Nilikuwa nakula ndizi jana nikaiweka chini.

Lakini yule aliyenichukiza kabisa ni Kingori, na hajui bado kwamba najua. Kwangu anasema Wakonyo amekatazwa simu. Kwako anasema ameolewa. Mtu mmoja, vinywa viwili, na vyote vinakula chakula changu! Jana amekuja, amenikumbatia, amesema, "Mama, umeionaje zawadi?" Nikasema, "Iko na kuku." Akacheka akidhani ni utani. Nikamtazama akicheka. Njoki, nilimzaa huyu. Nilimtazama kama mtu anavyotazama kitu kwenye soli ya kiatu.

Kitu kinachoniuma zaidi ni mkono. Nimeelewa sasa anataka picha ya nini. Watu wa Kagio wakiiona, wataona mama yake Kingori ameshika mkono wa binti yao. Watasema, amekubali ndoa. Mimi sijui jina lake! Mmenifanya shahidi wa jambo ambalo sikuona.

Sasa fanya hivi. Tabby amenisaidia kuandika barua nyingine, iko humu ndani, imefungwa. Usiifungue. Mpelekee Wakonyo Timau wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Usitume mtu.

Shosho


Timau,
30 Machi 2025

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Mama, sikuolewa na mtu. Nalala chumba kimoja na wanawake wengine, na kazi yangu ni kupanga waridi kwa urefu, marefu huku, mafupi kule. Simu niko nayo. Niliacha kupiga kwa sababu Kingori aliniambia siku ile, nikiwa nimefunga nguo zangu, kwamba wewe ndiye uliyesema. Kwamba umechoka kukaa na mwanamke ambaye hajaleta mtoto nyumbani, na unaona haya kuniambia mwenyewe. Nilitaka kuja kwako uniambie kwa mdomo wako. Akasema nikija nitakuua kwa presha. Nikaondoka kupitia njia ya mtoni ili usinione.

Nikajiuliza, kama Mama angekuwa amechoka, si angesema? Wewe hata padre ulimwambia mahubiri yake ni marefu. Lakini uchungu ukishaingia mtu haulizi tena.

Umeniandikia kuhusu ile picha. Umesema nisimkasirikie mtoto. Simkasirikii, Mama. Lakini tangu nisome, chakula hakipiti. Najiona nimekaa pale bila kichwa. Najishika shingo kila mara kama mjinga.

Njoki hakunipa barua mkononi. Nakuambia tu, usimpige. Alimwachia askari wa getini. Nilipoitwa nikaona mgongo wake anatembea haraka kurudi barabarani. Nilimwita. Naujua mgongo wake, nilimfunga shuka juu ya huo mgongo miaka mingi. Hakugeuka.

Kwa Kingori sirudi. Nyumba yake hapana. Wewe nakukumbuka sana.

Ni mimi,
Wakonyo


Nanyuki,
2 Aprili 2025

Shosho,

Barua nilimfikishia mama Wakonyo Timau kama ulivyosema.

Kuna jambo lingine. Baba mdogo amekuja tena dukani. Anataka picha ile ile lakini kubwa, ya kujaza meza. Watu wa Kagio wanakuja kwako Jumatatu ya Pasaka kuona nyumba, na yeye anataka wageni waipange kwa mikono yao wenyewe wakinywa chai. Ati ni njia ya kisasa ya familia kuungana. Ameniambia nisikuambie, ni kitu cha kukushtua kwa furaha.

Nimemwambia Mamta siifanyi. Mamta amesema nisipoifanya Arvind ataifanya, yeye hamjui mtu yeyote hapo. Naweza kuichoma vibaya kwa makusudi, moto ukiwa mwingi picha inakuwa nyeusi. Niambie nifanye nini. Sitaki kukuchukiza tena.

Njoki


Mukurweini,
6 Aprili 2025

Njoki,

Usiichome. Ifanye vizuri kuliko zote ulizowahi kufanya, na uiache hewani mpaka harufu iishe, sitaki wageni wafikiri naunguza chakula.

Lakini nauliza, huo mwanga unaweza kufuata mstari wowote? Tabby anasema unaweza. Basi kile kichwa cha Kagio kikate peke yake, kuzunguka nywele, kuzunguka kidevu, na hapo shingoni panapoanza Wakonyo. Kitoke kizima bila kugusa mtu mwingine. Mwili uache ulivyo. Mikono yetu miwili usiikate katikati, iwe kipande kimoja.

Kingori akiuliza, mwambie ndivyo inavyofanywa kisasa.

Shosho


Mukurweini,
6 Aprili 2025

Wakonyo, binti yangu,

Umefanya vizuri kusema hurudi kwa Kingori. Hata mimi singerudi. Sikuiti kwa Kingori. Nakuita kwangu.

Nisikilize. Mbuzi wa mahari waliokwenda kwenu walitoka zizi langu. Kingori wakati huo alikuwa hana hata kuku, alikuwa na pikipiki ya mkopo na maneno. Siku ya kiande, ile nyama ya bega inayokatwa mbele ya wazee ndipo mwanamke awe wa kwetu kabisa, mbuzi alikuwa wangu, kisu changu, na moto niliwasha mimi. Hakuna aliyewarudisha mbuzi wale. Kwa hivyo wewe si wa kupeleka na kurudisha kama mtungi wa gesi. Wewe ni wangu, na mtoto au bila mtoto sijawahi kukuhesabia hilo. Aliyeniwekea maneno hayo mdomoni atayala mwenyewe.

Jikoni mwangu moshi umekuwa mwingi kwangu. Magoti hayataki kuinama kwa mawe matatu. Nataka mwenyewe wa jikoni, si mgeni wa kunisaidia. Na shamba la ndizi lile la chini, nimeshamwambia Hezekiah, ndugu wa marehemu mzee wangu, aje na wazee tuweke alama. Litakuwa lako nikiwa hai ninaona, si nikifa watu wapigane.

Njoo Jumamosi ya Pasaka, gizani kidogo, kwa ile ile njia ya mtoni uliyoondokea. Ingia jikoni, ukae huko. Kingori hatakuona. Tangu atahiriwe hajawahi kuingia jikoni kwangu, anaogopa majivu yatamla uanaume.

Mama


Mukurweini,
27 Aprili 2025

Njoki,

Pasaka imepita na hukuja. Ulituma mbao ukabaki. Sasa nitakuambia ulichokosa, halafu nitakuambia mengine.

Watu wa Kagio walikuja na magari mawili na mchele wa Mwea, gunia zuri, unanukia. Mama wa msichana ni mwanamke wa kazi, mikono imekaa kwa matope ya mpunga. Nilimpenda, na hilo lilinifanya nichukie siku hiyo zaidi. Kingori alikuwa amevaa koti lisilokubali kufungwa. Akamwaga mbao zako mezani. "Wageni wetu, hebu tujenge familia!" Hezekiah akavaa miwani, akashika kipande akakigeuza, akakiweka chini kama mfupa.

Wakajenga wakicheka. Yule mama ndiye aliyekuwa na macho ya haraka. Akaweka kichwa cha binti yake pale, kikaingia vizuri, akapiga makofi. "Tazameni! Mwanangu amekaa na mama mkwe wake! Wameshikana mikono!"

Nikasema, "Kichwa ni chake, mama. Mwili una mwenyewe."

Kingori akacheka kicheko cha uongo. "Mama amezeeka, anapenda utani."

"Nimezeeka kweli," nikasema. "Wewe msichana, jina lako nani?"

"Mumbi."

"Mumbi, njoo uweke mkono wako kando ya huo nilioushika."

Akaweka. Mkono laini, hauna kitu. Akatazama ile alama ya moto kwenye picha, akautazama wake, akautazama tena. Akageuka kwa Kingori. "Huu mkono ni wa nani?"

Kingori akasema ni mambo ya mashine, mashine huharibu picha.

"Ni wa mke wake," nikasema.

Msichana akasema polepole, "Aliniambia mke wake alikufa. Aliniambia amezikwa hapa nyuma, kwa migomba. Nilikuwa nimeleta maua."

Njoki, na kweli alikuwa nayo, mapya, kwenye mkoba wa karatasi. Chai ilinigeukia mdomoni nikairudisha kikombeni. Nimeishi, nimezika watu, nimeona Hali ya Hatari ya wakoloni, lakini sijawahi kuona mtu akimzika mke wake mzima kwenye migomba yangu mwenyewe.

Nikaita, "Wakonyo!"

Akatoka jikoni na birika. Hakuwa amejipamba, leso kichwani, majivu kwa kiwiko. Akaanza kumimina chai, akianza na yule mama wa Kagio kwa heshima. Mkono ule ule. Kila mtu aliuona. Mjomba wao mmoja akajikinga kama ameona mzimu, Tabby akacheka mpaka akatoka nje.

Wakonyo alipofika kwa Kingori, akamimina pia. Kikombe kikajaa. Akasema, "Kunywa, kimeandaliwa na marehemu." Hilo sikumfundisha mimi. Ni lake.

Mumbi akasimama. Nilifikiri atalia. Alinyoosha mkono mezani, akatoa kichwa chake kutoka kwa picha, kikatoka kizima kama ulivyokikata. Akakifunga kwenye kitambaa, akakitia mkobani. "Hii ni yangu," akasema. Yale maua akampa Wakonyo. Wakaondoka, na mama yake kabla ya kupanda gari alirudi kunishika mkono, huu wa kweli. Mchele walituachia, nilikataa, wakakataa kukataa kwangu. Huyo msichana ana akili kuliko mwanangu. Kama ningekuwa na mwana mwingine asiyeoa ningekwenda Kagio kesho.

Hezekiah akamuuliza Kingori, "Mbuzi wa huyu mwanamke walirudi?" Kingori akatazama chini. "Walitoka zizi la nani?" Akaonyesha langu kwa kidevu, kama mtoto. "Basi," Hezekiah akasema, "huyu ni wa Mama." Juzi wameweka alama shamba la ndizi, Wakonyo akiwa amesimama hapo.

Kingori amerudi mjini Nyeri. Hajapiga simu. Atakuja, ni mtoto wangu, tumbo lake litamleta. Nitampa chakula, na akiwa anatafuna nitamwambia tena yote tangu mwanzo. Lakini karaha yangu haijaisha. Bado nikipita penye migomba natema mate.

Sasa wewe.

Uliniandikia ulimfikishia barua. Ulimpa askari ukakimbia. Alikuita, ukamwonyesha mgongo, ule alioufunga shuka. Hilo nimelisikia kwake, na yeye ndiye aliyenisihi nisikupige. Kuna kukata mtu kwa mashine, mteja amesema, Mamta amesema, na uongo ulikuwa mwingi. Hilo nimeshalimeza. La getini hakuna aliyekutuma. Usirudie kuniandikia maneno ambayo yana nusu ndani. Nakupenda mpaka nakasirika, na uongo wako mdogo unanuka kwangu kuliko mkubwa wa Kingori.

Jana usiku Wakonyo alipika uji mwingi kupita wa watu wawili, halafu akasimama akiutazama.

Kwa hivyo Jumapili ijayo unakuja. Mimi nitakuwa nimekaa nje, mbwa nitakuwa nimemfunga, na nitakuona tangu pale barabarani. Usinisalimie. Pita mbele yangu kama hunijui, nenda moja kwa moja jikoni, kwa sababu mwenye jikoni sasa ni Wakonyo. Mwambie ulichofanya, kwa mdomo wako, ukimtazama. Akikupa chai, kaa chini unywe. Asipokupa, masufuria ya Pasaka bado yana masizi, jivu liko pale kando ya mlango: sugua mpaka akupe. Ndipo uje kunisalimia.

Shosho